Daftari la Dhamana: Kumtambua Mwenye Ufunguo, Saini na Mizani katika Chama cha Msingi

Mkulima wa Kibosho au wa Marangu afikishapo gunia lake la kahawa ya maganda katika ghala la chama, mali hiyo hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla haijageuka kuwa fedha. Karani wa mizani hupima na kuandika stakabadhi. Mtunza ghala hupokea na kufunga mlango. Katibu huingiza hesabu katika leja na kutayarisha hati ya malipo. Watia saini huidhinisha fedha itoke benki. Siku ya kuteremsha shehena Moshi kwenda kukobolewa, yupo mtu anayehesabu magunia na kukabidhi hati. Kila mmoja wa watu hao ana dhamana, na kila dhamana ni njia ya kuifikia mali ya wanachama. Swali la somo hili ni fupi, nalo ni zito: endapo mwanachama au mkaguzi atauliza leo, “Dhamana hii ni ya nani, tangu lini, na ni nani aliyempa?”, chama kitafungua kitabu gani ili kujibu?

Katika vyama vingi jibu limo kichwani mwa katibu. Maadamu yupo na ana afya, mambo huenda. Lakini kichwa cha mtu hakikaguliwi, hakirithiwi, wala hakifunguliwi siku mwenyewe amelazwa hospitali.

Swali hili si geni katika mlima huu. Wakulima walianzisha chama chao cha kwanza cha kahawa, Kilimanjaro Native Planters' Association, mwaka 1925. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932, nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, iliyoandikishwa tarehe 1 Januari 1933 ikiwa muungano wa vyama vya msingi. Tangu hapo madaraka yakawa ya ngazi mbili: chama cha msingi kupokea na kupima, na chama kikuu kuuza. Yalipotokea machafuko dhidi ya KNCU mwaka 1937, bei ilikuwa imeshuka, na wakulima wengi waliona kwamba mambo ya kahawa yao yanaamuliwa na watu wasioweza kuwahoji. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na shughuli za mazao zikahamia kwa vijiji na mamlaka za mazao. KNCU ikarejea mwaka 1984, kufuatia Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1982. Hivyo, katika muda wa miaka minane, dhamana za maghala, mizani na fedha zilihama mikono mara mbili. Penye hati ya makabidhiano, mabadiliko makubwa ya namna hiyo huacha nyayo za kufuatwa. Pasipo hati hubaki masimulizi, na masimulizi hayakubaliki mbele ya mkaguzi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba wazee wa mlima walikuwa na utaratibu wao. Maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu. Kila mwenye kihamba hujua leo ni siku ya nani, na ni mzee gani wa kuamua ugomvi ukitokea. Hapana daftari, na mpango huo umedumu kwa sababu watumiaji wa mfongo mmoja ni majirani wanaoonana kila siku. Chama chenye mamia ya wanachama, vituo viwili vya kupokelea kahawa, akaunti ya benki na mtambo wa kuchakata kahawa mbivu hakiwezi kutegemea kumbukumbu ya majirani.

Tuchukue mfano uliobuniwa kwa ajili ya somo. Chama kimoja, ambacho tutakiita Chama cha Mfano, kilimpoteza katibu wake mwezi Oktoba. Alipata kazi Dodoma, akaaga vizuri, akakabidhi leja na sanduku la chuma. Mwezi Novemba fedha ya mauzo ikaingia benki, nayo halmashauri, ambayo siku hizi sheria huiita bodi, ikaamua wanachama walipwe kabla ya Krismasi, watoto waishio Dar es Salaam na Arusha wanaporejea nyumbani. Benki ikarudisha hati ya malipo. Ilitakiwa saini moja ya mjumbe na moja ya mtumishi, na mtumishi pekee aliyekuwamo katika orodha ya benki alikuwa yule aliyekwenda Dodoma. Ili kumbadili, benki ilitaka muhtasari wa kikao. Kitabu cha mihtasari kilikuwa katika kabati, na ufunguo wa kabati haukujulikana uliko. Mwenyekiti alidhani anao mtunza ghala. Mtunza ghala alidhani ulirudishwa. Siku moja mzee mwenye magunia manane alifika ofisini.

“Ndugu Katibu,” alisema kumwambia kijana anayekaimu, “sikuulizi fedha yangu iko wapi. Najua iko benki. Nauliza ni nani mwenye uwezo wa kuitoa.”

“Mzee wangu, nivumilie kidogo. Nami ninalitafuta jibu hilo.”

Katika mkasa huo hakuna mwizi. Fedha ilikuwa salama, watu walikuwa waaminifu, na bado wanachama walikosa malipo yao hadi Januari. Waliokuwa na haja walimwuzia mpita njia kahawa iliyobaki nyumbani kwa bei aliyoitaka yeye. Hasara hiyo haikuandikwa katika leja yoyote, nayo ilitokana na kukosekana kwa ukurasa mmoja.

Ukurasa huo, au kwa usahihi zaidi kitabu hicho, ndicho kinachoitwa hapa Daftari la Dhamana. Hapana budi kuelewa kwanza lisivyo. Daftari halimpi mtu madaraka. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, mamlaka ya juu ya chama ni mkutano mkuu wa wanachama. Madaraka mengine hutoka katika sheria, masharti ya chama, maamuzi ya bodi na barua zilizokubaliwa na benki. Daftari huonyesha tu yaliyoamuliwa kwingine, na kumwelekeza msomaji mahali yalipoamuliwa. Kwa hiyo mstari usio na namba ya muhtasari ni uvumi ulioandikwa kwa wino. Katibu anayejiandikia dhamana humo hajapata dhamana yoyote, amejiandikia ushahidi.

Daftari kubwa la kawaida la mistari, lenye jalada gumu, latosha. Ligawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ndiyo kuu, na humo tu ndimo dhamana huelezwa. Kila mstari uwe na namba yake isiyorudiwa, kisha ueleze dhamana yenyewe, jina la aliyepewa na cheo chake, mpaka wa dhamana hiyo, njia aliyoipatia, tarehe na namba ya uamuzi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na mwisho saini ya mpokeaji. Sehemu ya pili hupangwa kwa majina ya watu, na ya tatu kwa vitu: ghala, mizani, sanduku la chuma, muhuri, kitabu cha stakabadhi, akaunti ya benki, kompyuta. Sehemu hizi mbili zisieleze jambo lolote upya. Zitaje namba za mistari ya sehemu ya kwanza, basi. Makatibu wengi hupenda kunakili maelezo kotekote kwa nia njema. Baada ya mwaka mmoja nakala hutofautiana, na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli.

Sababu ya kuwa na milango mitatu ni kwamba maswali huja kwa sura tatu. Mkaguzi aghalabu huuliza kwa dhamana: ni nani wanaoidhinisha malipo? Mwenyekiti, mtumishi anapoacha kazi, huuliza kwa mtu: huyu ana nini mikononi mwake? Mwanachama aliyekuta kufuli limevunjwa huuliza kwa kitu: ni nani wote wenye ufunguo wa ghala hili? Daftari linalojibu swali la namna moja tu litaachwa mezani siku ya swali la pili.

Neno “mpaka” katika mstari lahitaji maelezo, kwani hapo ndipo makosa mengi huanzia. Dhamana huwa na mpaka wa mahali, wa kiasi au wa kazi. Karani wa mizani wa kituo cha juu si karani wa mizani wa kituo cha chini. Mjumbe aliyeruhusiwa kuidhinisha ununuzi wa magunia hakuruhusiwa kuidhinisha mkopo. Kuandika “karani” peke yake, bila kituo, ni kumpa mtu mizani zote za chama kwa kalamu. Vivyo hivyo tarehe: swali la mkaguzi si mara zote “ni nani leo?” Mara nyingi ni “ni nani siku ile?” Stakabadhi ya tarehe 14 Novemba ikiwa na saini ya mtu ambaye mstari wake ulikoma tarehe 9, hapo pana jambo la kuulizwa. Ndiyo maana mstari haufutwi kamwe wala hauchanwi. Dhamana ikikoma, huandikwa tarehe ya kukoma na namba ya uamuzi, na mstari hubaki ukisomeka.

Sasa tufike katika sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni dhamana anayoipata mtu bila kutajwa jina. Bodi inapoamua kwamba kamati fulani itakuwa na uwezo fulani, kila mjumbe wa kamati huupata uwezo huo kwa kuwamo tu. Akiongezwa mjumbe mpya, hakuna atakayeandika muhtasari wa kumpa dhamana moja moja. Amezipata zote siku alipoingia. Basi, mtu akitafutwa kwa jina lake pekee, daftari litaonyesha nusu ya ukweli.

Turudi kwenye Chama cha Mfano. Anaulizwa karani wa mizani wa kituo cha chini: je, anaweza kuidhinisha malipo? Msomaji afungue sehemu ya pili, kwa jina la karani. Anakuta namba 12 na 30. Mstari wa 12 ni wa mizani ya kituo cha chini. Hauna habari ya malipo. Msomaji mvivu hufunga daftari hapo na kujibu hapana. Mstari wa 30 wasema kwamba karani ni mjumbe wa kamati ya muda ya ununuzi wa magunia na pembejeo, kwa uamuzi wa bodi wa mwezi Machi. Hiyo ni njia, si mwisho wa safari. Yapasa sasa kutafuta dhamana za kamati yenyewe, ambayo nayo ina ukurasa katika sehemu ya pili kana kwamba ni mtu. Huko inaonekana namba 8: kamati yaweza kuidhinisha malipo ya magunia na pembejeo hadi kiwango kilichowekwa na bodi. Kumbe karani huyu, ambaye hakuna kikao kilichomtaja kuwa muidhinishaji, anaweza kuidhinisha malipo ya magunia. Na kwa mstari wa 12 anaweza pia kuwa ndiye anayeyahesabu yakifika kituoni kwake. Anayeagiza ndiye anayepokea. Hajafanya kosa lolote, wala hana haja ya kushukiwa, lakini chama kimemweka mahali ambapo akikosea au akisingiziwa hapana wa pili wa kumshuhudia. Bodi imtoe katika kamati, au impe mwingine kazi ya kupokea magunia.

Kanuni ya kutafuta kwa jina, basi, ni kwamba msomaji afuate kila njia hadi isipozaa njia nyingine. Kamati ikiwa ndani ya kamati, afuate zote. Na safu ya njia isomwe daima: “binafsi” ni uwezo uliotolewa kwa mtu na utaondolewa kwake, “kwa kamati” hauondoki mpaka atoke katika kamati, au kamati yenyewe ipunguziwe uwezo, jambo litakalowagusa wajumbe wote. Kuondoa dhamana bila kujua ilipitia njia gani ni sawa na kuziba mfereji mmoja wa mfongo huku maji yanaingia shambani kwa mfereji wa pili.

Kukaimu nako kuna hatari yake. Anayeshika nafasi kwa wiki mbili aandikiwe tarehe ya kukoma siku ile ile ya kuanza. Ikihitajika aendelee, kikao kiseme hivyo, na mstari mpya uandikwe. Makaimu wasio na mwisho ni wengi katika vyama, na wengine wameacha kazi siku nyingi huku nakala ya ufunguo ikining'inia nyumbani.

Siku hizi dhamana nyingine hazina ufunguo wa chuma. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, ujulikanao kwa jina la MUVU, na benki nazo huruhusu malipo kwa kompyuta na simu. Anayeingia katika mfumo kwa niaba ya chama ana dhamana sawasawa na mwenye ufunguo wa ghala, na aandikwe hivyo hivyo: mfumo gani, kwa uwezo wa kuangalia tu au wa kubadili na kuidhinisha, tangu lini, kwa uamuzi upi. Neno la siri lisiandikwe katika daftari hata mara moja, wala lisiwe la watu wawili. Watu watatu wakitumia jina moja la kuingilia, mfumo utaonyesha kwamba aliyefanya kazi ni “katibu”, na hapo chama kimerudi pale pale pa kutomjua aliyefanya.

Kuhusu nani aandike na nani asome, utaratibu mwema ni kwamba katibu huandika, mwenyekiti au mjumbe aliyeteuliwa hulinganisha na muhtasari na kutia saini, na katibu haandiki peke yake mstari unaomhusu yeye mwenyewe. Mwanachama akitaka kujua ni nani mwenye dhamana fulani, aonyeshwe. Mali ni yake. Hata hivyo daftari lisitundikwe ukutani likitangaza ufunguo unalazwa nyumba gani. Namba za vitambulisho, za simu na anuani za watu hazina kazi humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yadai taarifa za watu zitumiwe kwa kiasi cha haja.

Daftari bila maelezo ya matumizi hudumu kwa muda wa katibu aliyelianzisha. Akiondoka, mrithi wake hukuta namba na vifupisho asivyovielewa, akaanzisha lake. Kwa hiyo ndani ya jalada zibandikwe kurasa mbili za maelezo. Zianze kwa kusema daftari ni la nini na kwamba haliumbi madaraka. Zieleze maana ya kila safu na kila kifupisho. Kisha ziweke mifano mitatu ya kutafuta, mmoja kwa kila mlango, kwa mistari iliyomo kweli katika daftari, hatua kwa hatua, ukiwamo mmoja unaopitia kamati. Zitaje pia la kufanya endapo jibu halipatikani: dhamana isiyo na mwenyewe ni habari ya kupelekwa kwa bodi siku hiyo hiyo, si pengo la kujazwa kwa kukisia.

Aliyeandika maelezo hawezi kuyapima mwenyewe, kwa kuwa anajua asichokiandika. Apewe mjumbe ambaye hajawahi kulifungua daftari, pamoja na maswali matatu, naye katibu akae kimya pembeni. Kila mahali mjumbe anapoinua kichwa na kuuliza, kosa ni la ukurasa. Katibu atavumilia kwa shida. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi katika jaribio hili.

Mwisho wa kila robo ya mwaka, na tena kabla ya msimu wa kahawa kuanza, daftari lilinganishwe na hali halisi. Benki iandikiwe itoe orodha yake ya watia saini. Orodha ya waingiao katika mifumo ya kompyuta itolewe na kusomwa jina kwa jina. Funguo ziletwe mezani, zote, na kujaribiwa katika kufuli, kwani ufunguo uliosainiwa si lazima uwe ndio unaofungua. Tofauti ikionekana, daftari lisirekebishwe kimya kimya ili lilingane na benki, wala benki isiandikiwe haraka ili ilingane na daftari. Itafutwe kwanza kauli ya kikao. Yawezekana benki ndiyo iliyochelewa, yawezekana daftari. Na yawezekana kikao chenyewe hakikuwahi kukaa, jambo ambalo wanachama wanapaswa kulisikia mbele ya mkutano na si katika taarifa ya mkaguzi wa COASCO.

Chama cha Mfano kilipoanza daftari lake mwezi Februari, mstari wa kwanza ulikuwa ufunguo wa kabati la mihtasari. Ulipatikana katika droo ya meza ya mizani, umefungwa kwa uzi pamoja na funguo nyingine mbili ambazo mpaka leo hazijapata kufuli lake. Nazo ziliandikwa, kila moja kwa namba yake.

Kazi ya kikundi cha kujifunza. Wanakikundi wachukue karatasi na kuandika, bila kumwuliza katibu, majina ya wote wanaoamini kwamba wana ufunguo wa ghala la chama chao. Kisha walinganishe karatasi zao. Pili, wachague mtumishi mmoja na kutafuta dhamana zake zote, za binafsi na za kupitia kamati, wakitaja muhtasari wa kila moja. Tatu, wajadili: endapo katibu na mwenyekiti wote wawili watakosekana wiki moja katikati ya msimu, ni malipo gani yataweza kufanyika, na ni nani atakayeyafanya? Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya bodi katika kikao kinachofuata.